Magauni Juu ya Vifaru

Mimi si mtu wa kushukuru ovyo. Wanangu wanasema nina ulimi mkali, na hawakosei. Ukinipa chai isiyokolea nitakuambia palepale, mbele ya wageni. Lakini kuna kidole gumba kimoja ninachokishukuru kila siku tangu mwaka wa sabini na mbili, na mwenye kidole hicho simjui jina mpaka leo. Ili mnielewe, lazima nianze na ukuta wa sebuleni kwetu, na ukuta ule hauelezeki bila baba mkwe wangu na vifaru vyake vya vita.

Niliolewa Rumonge, kando ya ziwa, mwaka wa indepandansi, yaani uhuru. Nilikuja na cherehani, sanduku la nguo na kiburi cha msichana anayejua kushona. Mume wangu alinunua ndagala, yaani dagaa, zilizokauka, huku kwetu, Kabonga, mpaka Gitaza, akizipeleka Bujumbura kwa lori za watu, kwa hiyo siku nyingi nyumba ilikuwa yangu na baba yake. Mzee alikuwa mjane. Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kongo, akawa askari wa Wabelgiji wakati wa vita kuu ya pili, akafika Abisinia, akafika Misri. Huko Misri aliona vifaru, na hakupona tena.

Indepandansi ilipokuja, Mzungu mmoja aliyesimamia mashamba ya michikichi upande wa Kigwena alifunga mizigo akaenda zake. Barazani aliacha maboksi mawili ya magazeti ya picha, ya Kifaransa, ya miaka mingi. Baba mkwe, ambaye alikuwa akimtengenezea pampu ya maji, aliyafunga kwenye baiskeli akayasukuma kwa miguu hadi nyumbani. Tulikaa chini kwenye mkeka, mimi na yeye, tukayagawana kama watoto. Yeye alichukua kila chenye chuma na mnyororo. Mimi nikachukua mitindo ya nguo: magauni, makoti, sketi za marinda, wanawake wembamba wenye kofia.

Ugomvi wetu wa kwanza ulitokea hapo. Tulikuta ukurasa mmoja wa rangi. Upande huu kifaru kinapanda ukingo wa mto, tope limejaa minyororoni. Upande wa pili mwanamke amevaa koti jekundu, kola pana, vifungo sita vikubwa. Koti lile nililitaka kwa moyo wangu wote. Nikasema, Baba, hilo ni langu. Akasema hapana, hicho ndicho kifaru cha kazi zote, bila hicho mstari wake umekatika. Yeye ndiye mzee, yeye ndiye mwenye nyumba. Akachemsha uji mzito wa unga wa muhogo, akaubandika ukurasa ukutani, koti likaangalia udongo. Siku tatu nilimpikia mboga bila chumvi. Alikula yote, na kila siku alinishukuru, "Murakoze, mwanangu, tamu." Siku ya nne nikaona haya, nikatia chumvi.

Watu wengi walibandika magazeti ukutani wakati ule, kuziba nyufa na kupendezesha nyumba. Lakini waliyabandika hivi hivi tu, tangazo la sabuni kando ya picha ya askofu. Baba mkwe aliyabandika kwa miaka. Karibu na mlango alianza na kifaru cha kwanza kabisa, kitu kibaya kama sanduku lililokanyagwa, mnyororo umezunguka mwili mzima, kichwa hakina. Aliniambia watu wanane walikaa mle pamoja na injini, moshi ukiwalevya mpaka wanatapika. Kilichofuata kilikuwa kadogo ka Kifaransa, ka watu wawili, lakini chenye kichwa cha mzinga kinachozunguka pande zote. "Hapa ndipo walipata akili," alisema. Kisha vya vita vyake mwenyewe: vyepesi vya mbio, vizito vya kusukuma, vya katikati. Kimoja cha Warusi alikipenda ingawa hakuwahi kukiona kwa macho, kwa sababu chuma chake cha mbele kimelazwa kama paa la nyumba. Risasi ikija inateleza. Baada ya hapo, karibu katikati ya ukuta, kilikuja kile cha koti langu. Alisema vita vilipokwisha wenye akili waliacha kutengeneza cha mbio mbali na cha nguvu mbali, wakatengeneza kimoja cha kufanya yote, na tangu hapo kila kipya ni kifupi kuliko baba yake na mzinga wake ni mrefu zaidi.

Nilichoka kusikia, nawaambia ukweli. Mteja anakuja kupimwa kiuno, naye anamweleza injini ya dizeli. Siku moja alitaka tuelewe jinsi mzinga wa kisasa unavyotulia hata kifaru kikiruka mashimo. Alijaza kikombe chai, akatembea sebuleni akichezesha magoti kama bata aliyelewa, mkono ukiwa umetulia, na hakumwaga hata tone. Mteja alicheka mpaka sindano zikamchoma. Mwaka mwingine mume wangu alimletea picha ya kifaru cha nchi fulani ya baridi, kipya kabisa, ambacho hakina kichwa. Mzee alikasirika kama ametukanwa. Akanionyesha kile cha kwanza karibu na mlango, akasema, "Wamezunguka dunia, wamerudia palepale." Akakibandika chini kabisa, usawa wa sakafu, kuku wakawa wanakidonoa.

Nilimuuliza mara moja, kwa hasira, anapendea nini vitu vya kuua watu. Hakukasirika. Alisema jangwani Misri alishikwa na homa, msafara ukamwacha kando ya barabara, na jangwa lina baridi ya kuua. Kikapita kifaru. Watu wa ndani, Wazungu wasiomjua, walisimama, wakamlaza juu ya mgongo wa kifaru, pale juu ya injini, pana joto kama jiko. Akalala hapo mpaka wakafika penye daktari. "Mzinga sikuupenda mimi," alisema. "Nilipenda ule mgongo." Tangu siku hiyo nilimwacha aongee na wateja.

Kwa miaka kumi ukuta ulijaa. Mwisho, kando ya dirisha, aliacha nafasi tupu ya ukubwa wa ukurasa mmoja, ya kile kitakachokuja.

Halafu ikaja sabini na mbili. Sitasema mengi, wanaojua wanajua, na wasiojua hawatajua kwa maneno yangu. Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakaua. Kisha likaja jeshi, likaua zaidi, na kwa siku nyingi zaidi. Mume wangu alikuwa amekwama upande wa Gitaza, barabara imefungwa kwa bariyeri za askari. Sisi tulikuwa Waswahili, wengine wetu wazee wao walitoka Kongo, na ilisemekana wale wenye mapanga wamesaidiwa na watu wa Kongo. Basi kila mwenye asili ya ng'ambo alitazamwa jicho baya, na aliyewahi kushika bunduki ndio kabisa.

Asubuhi moja jirani yangu, mke wa fundi baiskeli, aliingia bila kubisha. Alikuwa mwanamke mpole, muuza mawese, na sikuwahi kumwona akikimbia. Akasema askari wanapekua mtaa wetu nyumba kwa nyumba, wameanzia sokoni. Kuna mtu wamemchukua kwa sababu walikuta kwake ramani ya kujifunzia shuleni, wakasema ni ya vita. Alipomaliza kusema, aligeuka akautazama ukuta. Mimi pia nikautazama. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba sikuuona tena. Vifaru kutoka mlangoni hadi dirishani, kwa mstari, kwa miaka, na mwenye navyo ni askari wa zamani kutoka Kongo.

Mkanda wa jeshi wa mzee, aliouhifadhi tangu vita, niliutupa chooni bila kumuuliza. Kisha nikachukua kisu cha jikoni nikaanza kubandua. Uji wa muhogo wa miaka kumi unakuwa mgumu kuliko udongo wenyewe. Nilikwangua, kikatoka kipande cha anga na nusu ya mzinga, na pale palipotoka pakabaki peupe papya, panapiga kelele kuliko picha. Kwa mwendo ule ningemaliza kesho kutwa. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono magotini.

"Acha, mwanangu," alisema. "Banikute nabyo. Mimi ni muzee. Wewe toka kwa mulango wa nyuma, wende kwa jirani."

Hapo nilimkasirikia kuliko siku ya koti. Nilimwambia, "Baba, miaka kumi umenijaza masikio. Ulisema kifaru kinajiokoa kwanza kwa kutoonekana. Kisha kwa kutopigwa. Chuma ni cha mwisho, ukifika kwenye chuma umeshachelewa. Ulisema au hukusema?"

Akasema, "Nilisema."

"Basi simama unisaidie."

Nikavuta sanduku langu kutoka mvunguni. Kurasa zangu za mitindo zilikuwa mle, zimelala katikati ya karatasi laini, hazina hata mkunjo. Ndizo zilizokuwa kazi yangu. Mwanamke alikuja, akafunua, akaonyesha kidole, nikakata. Hakuna fundi mwingine Rumonge aliyekuwa nazo. Mzee aliziona mikononi mwangu, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukabadilika. "Hizo hapana," alisema. "Utashona nini?" Nikamwambia nitashona kwa kichwa. Moyo uliniuma, siwafichi, lakini mkono haukungoja moyo.

Akachemsha uji wa muhogo yeye, nikapaka mimi. Gauni juu ya kifaru, sketi juu ya kifaru. Kilichonitisha ni unyevu. Yalikuwa masika, mvua imenyesha siku mbili, na karatasi mbichi ilining'inia inang'aa maji. Hata mtoto angejua imebandikwa sasa hivi. Jirani yangu alisimama mlangoni akatazama, kisha akaondoka bila neno, akarudi na kikapu cha makaa yake, makaa makavu, akayamimina kwenye jiko langu. Akasema, "Piga pasi." Kisha akarudi kwake kwa mume wake.

Nimepiga pasi nguo za maharusi na sanda za maiti. Ukuta nilipiga siku ile tu. Nilitia makaa mekundu ndani ya pasi, nikafunga kifuniko, nikaweka kitambaa juu ya karatasi, nikakandamiza. Makaa yalilalia upande mmoja, mpini ukanichoma, mvuke ukanijia usoni ukinuka muhogo. Mzee alikwenda mbele yangu na kitambaa, mimi nyuma na pasi, ukurasa kwa ukurasa, kutoka mlangoni. Kila kifaru kilipofunikwa niliona midomo yake ikitikisika kidogo, na nilijua anakitaja. Tulisikia milango ikigongwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, kisha ya pili. Hiyo ya pili, inayofuatana na yetu, ilikuwa ya jirani yangu wa makaa. Nilisikia sauti yake mara moja tu.

Walipoingia kwetu nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, pasi sakafuni. Aliingia mmoja, kijana, amelowa, bunduki imening'inia. Wenzake walibaki nje. Akasalimu, "Amahoro." Nikajibu, "Amahoro." Akapekua chumbani, akapindua godoro, akarudi. Akamwelekezea mzee kidevu.

"Uyu muzee anafanya kazi gani?"

"Iko muzee tu," nilisema. "Ananisaidia kukata bitambaa."

Mzee alikuwa ameshika mkasi wangu. Vitambaa hakujua kukata hata kidogo. Askari akamtazama, akatazama ukuta, akaanza kutembea kando yake polepole kutoka mlangoni, kama mteja. Katikati akasimama. Nami nikaona alichokiona. Joto la pasi lilikuwa limeikunja pembe moja ya karatasi, na chini ya pindo la gauni la bluu ilitoka sehemu ya mnyororo na gurudumu moja, wazi kabisa, na tope lake. Kilikuwa kile cha koti jekundu.

Askari anajua mnyororo wa kifaru. Hakuna haja ya kumweleza. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo, na nikajua anausikia ukuta ulivyo na moto. Akatazama pasi sakafuni. Akanitazama mimi. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala. Mzee aliuweka mkasi mezani taratibu, akainuka, akasimama wima kama anavyosimama askari anapoitwa jina.

Yule kijana akaweka kidole gumba juu ya ile pembe, akaibonyeza. Akangoja. Uji chini yake ulikuwa bado unanata kidogo. Alipotoa kidole, pembe ilibaki imelala. Akageukia mlangoni, akawaambia wenzake kwa Kirundi kwamba hapa iko fundi wa nguo na mzee wake, basi. Nikasema, "Murakoze." Alitoka, wakaenda nyumba inayofuata.

Watu wameniuliza kama alikuwa mtu mwema. Sijui. Sijui alifanya nini nyumba ya jirani kabla ya kuja kwetu, na huko fundi baiskeli alichukuliwa akiwa na grisi mikononi, hakurudi, na hakuna kaburi. Makaa yaliyoukausha ukuta wetu yalikuwa ya mke wake. Nimeishi na hilo. Namshukuru yule kijana kwa nyumba yetu tu, kwa mzee wetu, na kwa habari ya nyumba nyingine atajibu kwa Mwenyezi Mungu. Na yule mama ninamshukuru kwa kitu ambacho sina kipimo chake. Nguo za watoto wake nimezishona mimi mpaka walipooa na kuolewa, na bado naona nimefanya kidogo.

Mume wangu alirudi barabara zilipofunguliwa, amekonda. Alisimama sebuleni, akautazama ukuta uliojaa wanawake wenye kofia, akadhani ameingia nyumba siyo. Baba yake akamwambia, "Karibu," na tukacheka, wote watatu, tukacheka mpaka ikawa kilio.

Hatukuyabandua magauni yale. Kusema kweli kazi yangu ilikua, maana sasa wateja walichagua wakiwa wima, na aliyepita njiani aliona kupitia mlangoni. Mzee alikaa kwenye kiti chake, upande uleule. Mteja akionyesha gauni, yeye alitikisa kichwa kama anayekubali, na mimi peke yangu nilijua anakubali nini. Chini ya sketi ya marinda kuna cha Warusi. Chini ya bibi wa mwavuli kuna kadogo ka Kifaransa. Hakumwambia mtu tena habari za injini. Niliwahi kuombea anyamaze, na sasa nilikuwa naukosa ule mdomo wake.

Miaka ikapita. Siku moja mume wangu alileta kutoka Bujumbura glasi mpya, zimefungwa kwa kurasa za gazeti la picha. Mzee alikunjua ukurasa mmoja, akautandaza pajani. Kifaru. Kipya, cha aina ambayo hatujawahi kuiona, uso bapa kama umekatwa kwa msumeno. Alivaa miwani, akasoma Kifaransa chake kwa kidole. Siku mbili aliutembeza ukurasa ule ndani ya nyumba. Siku ya tatu aliniita, akanieleza kwa sauti ya chini, mlango umefungwa ingawa ulikuwa mchana. Siku hizi hawazidishi unene wa chuma, alisema. Wanaweka tabaka: chuma, kitu kama kigae, chuma tena. Moto ukija unachokea njiani. Nilimsikiliza mpaka mwisho, na sikumkatisha hata mara moja.

Kisha akaomba unga wa muhogo. Nafasi yake kando ya dirisha ilikuwa bado tupu. Sikuifunika siku ile ya askari, maana hapakuwa na kitu cha kuficha. Nilimkorogea uji, nikamshikia bakuli. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, lakini alipaka sawasawa mpaka pembeni. Nikasubiri nikione kifaru kikikaa mahali pake, mwisho wa mstari, mbele ya macho ya watu.

Akaugeuza ukurasa. Upande wa pili palikuwa na mwanamke amevaa gauni la mikono mipana, si zuri sana. Akakibandika kifaru kikiangalia udongo, gauni nje. Akalilainisha kwa kiganja kutoka katikati, kama alivyofanya siku zote, akarudi nyuma hatua moja kuutazama mstari wake uliokamilika.

"Lile koti," alisema, "nilikuonea."

Nikamwambia hakunionea. Akatikisa kichwa kukataa, akakaa kwenye kiti chake.

"Washa pasi, mwanangu."

Ilikuwa kiangazi, jua kali, na ukuta ungekauka wenyewe kabla ya adhuhuri. Nilichukua kikapu nikaenda kuomba makaa kwa yuleyule jirani.